Vikundi vya stadi za kijamii kwa watoto wenye usonji Malindi: kipi chafaa kulipiwa

Ni zamu ya kadi za nyuso. Mtoto wa miaka 8 anaonyeshwa kadi 12, moja baada ya nyingine, naye anazitaja zote bila kukosea: amefurahi, amekasirika, ameona haya, anaogopa. Mwalimu anaandika 12 kwa 12 daftarini. Saa moja baadaye mtoto huyohuyo yuko mbele ya duka, noti ya shilingi 100 mkononi, ametumwa maziwa ya pakiti. Mwenye duka anamuuliza, "Kubwa au ndogo?" Mtoto anajibu, "Kubwa au ndogo." Mwenye duka anacheka, anarudia kwa sauti ya juu zaidi, wateja wa nyuma wanaanza kusukumana, na mtoto anaziba masikio.

Kikundi cha stadi za kijamii tunakipima pale dukani, si kwenye kadi. Hatutavipanga vituo kwa majina, maana walimu huhama, na kikundi kilichokuwa kizuri Januari huweza kuwa kingine kabisa ifikapo Septemba. Tunazipima namna za vikundi ambazo mzazi wa Malindi ataelekezwa akianza kuulizia: cha meza na kadi, cha michezo ya kujenga, cha vijana chenye mtaala kutoka nje, na kile kinachowaingiza ndugu na watoto wa jirani.

Kwanza ushahidi, kwa sababu vipeperushi huahidi mengi. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu vikundi vya wenye umri wa miaka 6 hadi 21 yalipata majaribio 5 tu yaliyostahili, yenye washiriki 196, na yote yalifanyika Marekani. Faida ilikuwapo, ila ya wastani. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2017 ukaonyesha jambo ambalo wazazi wengi huliona wenyewe: watoto walisema wamejifunza, lakini walichoongeza kilikuwa zaidi ni kujua cha kufanya kuliko kukifanya, na walimu wao wa shule hawakuona tofauti. Kwa hiyo ukiambiwa "ameiva", uliza ameivia wapi.

Kikundi cha meza na kadi ndicho rahisi zaidi kukianzisha, na ndicho tunachokipa alama ya chini kabisa. Hakina ubaya kwa wiki mbili tatu za mwanzo, mtoto anapozoea chumba na watu. Kikifika wiki ya sita bado kiko kwenye kadi, unalipia mtihani wa picha.

Jambo la pili la kutazama ni lugha, na hapa ndipo vikundi vingi huvunja mguu. Mtoto anasikia Kiswahili au Kigiriama nyumbani, mwalimu ametoka bara na vifaa vyake vyote ni vya Kiingereza, basi mtoto anafundishwa salamu ambayo hakuna mtu Shela, Maweni wala Muyeye atakayemsalimia nayo. Stadi ya kijamii haitengani na maneno yake. Omba usikie kipindi cha salamu kabla hujalipa.

Salamu za Pwani zina kanuni zilizo wazi, na mtoto mwenye usonji mara nyingi hufanya vizuri kanuni ikitajwa badala ya kuachiwa aibahatishe. Anayefika humsalimu aliyeketi. Mdogo humwamkia mkubwa: "Shikamoo", na jibu ni "Marahaba". "Assalaam alaykum" ina jibu lake. Mwalimu mzuri huyachora haya kama njia: nani amekuja, nani ni mkubwa, nasema nini, nangoja jibu, naendelea. Mtoto asiyevumilia kushikwa mkono, au kuubusu mkono wa bibi, afundishwe kuweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Mji mzima unaielewa ishara hiyo na hakuna atakayemwona hana adabu. Kikundi kinachomshika mtoto mkono kwa nguvu "azoee" kinamfundisha kuogopa salamu.

Kisha kuna maneno yasiyobeba maana yake ya juujuu, na haya hayamo katika kitabu chochote kilichoandikwa California. "Habari za nyumbani?" hujibiwa "Njema" kwanza hata kama jana usiku nyumba nzima ilitapika. Habari mbaya hufuata baadaye, kwa mtu wa karibu. "Karibu chakula" yahitaji jibu, na jibu lategemea ni nani anayekaribisha: kwa shangazi unaosha mikono na kuketi, kwa mtu usiyemzoea aliyeketi na sahani yake unashukuru na kusema umeshiba. "Naja sasa hivi" huenda ikawa dakika mbili au baada ya Magharibi. Na utani: mjomba akimwambia "Leo nakuchinja wewe!" huku anacheka, mtoto anayechukua neno kama lilivyo atakimbia hadi barabarani. Kikundi chenye akili huwa na kipindi kizima cha utani, kikieleza dalili zake (sauti imepanda, anacheka, hana kisu) na kumpa mtoto sentensi moja ya kujikinga: "Sipendi utani huo." Tukikikuta kikundi kinachofanya hili, tunakisamehe mengine mengi.

Kuhusu macho hatuna msamaha. Mitaala mingi ya nje huanza na agizo la kumtazama mtu machoni. Hapa mtoto aliyelelewa vyema hamkodolei macho mtu mzima anayemsemesha, na watu wazima wengi wenye usonji wameeleza kwamba kulazimishwa kutazama huwaumiza na huwafanya wasisikie kinachosemwa. Kugeuza mwili upande wa msemaji kunatosha. Ukisikia "Niangalie! Niangalie!" mara tatu ndani ya kikao kimoja, mchukue mwanao. Vivyo hivyo ukisikia "Mikono chini!" kila mtoto anapopungapunga mikono. Kupunga mikono hakumdhuru mtu, ndiko kunakomtuliza, na mtoto anayetumia nguvu zake zote kujizuia hana zilizobaki za kusikiliza.

Mtoto asiyesema, au anayesema maneno machache, aje na njia yake ya kuwasiliana: kadi za picha, ubao wa alama, tableti. Wapo walimu wanaozifungia kabatini kwa madai kwamba zitamfanya mvivu wa kusema. Hazimfanyi. Picha hazizuii usemi kuja, na kwa wengine huusaidia.

Tuje kwenye michezo ya kujenga. Tiba ya Lego ilianza kuandikwa mwaka 2004 na mwanasaikolojia Daniel LeGoff, na mpango wake ni mwepesi kuueleza. Watoto watatu wanajenga kitu kimoja kwa vipande vya plastiki vinavyopachikana. Mhandisi anashika mchoro na kueleza, lakini hagusi kipande. Mgavi anatafuta kipande alichotajiwa na kukitoa. Mjenzi anajenga anavyoambiwa. Baada ya muda wanabadilishana. Hakuna anayeweza kumaliza peke yake, kwa hiyo kuzungumza kunakuwa haja ya kazi badala ya zoezi la mwalimu. Tunaipenda sana. Linaloharibika kwa kawaida ni mwalimu kuingilia haraka: mhandisi anasema "hicho", mgavi anaduwaa, na kabla ya sekunde tano mwalimu ameshanyoosha mkono kukitoa. Zile sekunde za kuduwaa ndizo somo lenyewe. Mwalimu ahesabu kumi kimoyomoyo, kisha amuulize mhandisi, "Hicho cha rangi gani?"

Hakuna lazima ya Lego yenyewe, ambayo bei yake si ya mchezo. Majukumu yaleyale matatu hufanya kazi kwenye mahamri: mmoja anasoma picha za hatua, mmoja analeta vitu, mmoja anakanda. Vikombe vitatu vya unga, robo kikombe ya sukari, kijiko cha chai kimoja na nusu cha hamira, iliki, tui zito la nazi kikombe kimoja, likimwagwa kidogo kidogo kwa sababu unga haunywi sawa kila siku. Halafu unga unafunikwa na kusubiriwa saa nzima uumuke, na kusubiri huko kunafundisha kuliko kadi yoyote ya "ngoja". Tahadhari ni mbili: mtoto asiyevumilia unga mkononi apewe jukumu la picha kwanza, na mafuta ya moto ni ya mtu mzima peke yake.

Dhumna nayo ni nzuri na ni ya baraza. Vipande 28, wachezaji wanne, kila mmoja saba, zamu inazunguka na kila mtu anaiona ilipo. Mtoto mwenye kumbukumbu kali ya namba hujikuta yeye ndiye fundi, jambo ambalo halimtokei mara nyingi. Kugongesha vipande kwa kishindo mezani, kama wafanyavyo wazee, kuachwe. Tandika kanga iliyokunjwa mara mbili.

Kwa vijana wa sekondari, mtaala unaotajwa zaidi ni PEERS, uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Elizabeth Laugeson na Fred Frankel. Wiki 14 hadi 16, dakika 90 kila wiki, vijana chumba kimoja na wazazi chumba kingine kwa wakati uleule. Hicho chumba cha wazazi ndicho chenye thamani. Mzazi anajua wiki hii kijana amefundishwa nini na anamsimamia zoezi lake. Kikundi kinachojiita cha PEERS lakini kinawaacha wazazi nje kwenye benchi kimenunua gari bila injini.

Udhaifu wake hapa ni mazoezi ya nyumbani. Kijana anatakiwa kupiga simu, kupanga siku na kumwalika rafiki mmoja nyumbani kwa saa maalum. Vijana wa Malindi hawaalikani hivyo. Wanakutana barazani, uwanjani, pwani baada ya Alasiri, watano au kumi, na mtu huingia katika mazungumzo yaliyokwisha anza. Kwa hiyo somo la kujiunga na mazungumzo (sogea, sikiliza mada, ngoja kimya kifupi, sema jambo moja la mada hiyo, usikilize tena) ndilo la kushikilia, na lile la mwaliko lipunguzwe. Tena mtaala huu ni wa kijana anayesema vizuri na mwenye hamu ya marafiki mwenyewe. Akiburutwa, fedha zimepotea.

Namna ya nne ndiyo tunayoipa alama ya juu. Kikundi kinawaingiza ndugu, binamu, wanafunzi wenzake au watoto wa mtaani wasio na usonji, na kinawafundisha wao pia. Mwaka 2012 mtafiti Connie Kasari na wenzake walichapisha jaribio la watoto 60 wenye usonji mashuleni: wale ambao wenzao wa darasani ndio waliofundishwa walipata nafasi nzuri zaidi miongoni mwa rika lao kuliko waliofundishwa wao wenyewe peke yao. Mwaka huohuo Damian Milton, msomi mwenye usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: asiye na usonji naye hamwelewi mwenye usonji, ila lawama huangukia mmoja. Ukiirudia ile picha ya dukani utaona. Mtoto alikwama, lakini mwenye duka alikuwa na njia rahisi, kuziinua pakiti mbili na kusema "Onyesha." Kikundi kizuri hutembea hadi dukani mapema, kikazungumza na mwenye duka, kisha watoto wakaja mmoja mmoja na rafiki yake. Wakati wa kumpima mwanao nenda dukani hukohuko, simama hatua kumi nyuma na ufunge mdomo.

Watoto wawili wa jirani kwa wanne wenye usonji wanatosha. Wafundishwe mambo matatu tu: sema jina lake kwanza, uliza swali moja kwa wakati, ngoja. Wasigeuzwe walimu wasaidizi, watachoka ndani ya mwezi na hawatarudi.

Idadi ya kikundi kizima iwe kati ya watoto wanne na sita, na watu wazima wawili wasiopungua. Umri usipishane zaidi ya miaka mitatu hivi. Kumweka wa miaka 5 na wa miaka 13 pamoja kwa kuwa "wote ni usonji" ni sawa na kupanga darasa kwa rangi ya viatu. Uliza pia kama kuna msichana mwingine. Wavulana ndio wengi wanaotambuliwa, hivyo msichana mara nyingi hujikuta peke yake kati ya watano, anaiga wanavyofanya na kunyamaza, na daftari linaandikwa "hana shida". Akikaribia kubaleghe baadhi ya familia zitataka kikundi cha wasichana watupu. Heri jambo hilo liulizwe mapema.

Chumba kikague kwa masikio. Bati bila dari kwenye mvua ya masika, feni inayogonga, jenereta ya jirani, pikipiki dirishani. Adhana ya Alasiri kutoka kipaza sauti cha karibu si sababu ya kukikataa kikundi, maana mtoto ataishi na adhana maisha yake yote. Ila mwalimu awe ameiweka picha ya msikiti kwenye ratiba ya ukutani na amwonye mtoto dakika mbili kabla, na viziba masikio viwe karibu. Ratiba ya ukutani yenyewe ni kipimo. Kwa kikao cha dakika 75 tungetaka kuona: kufika na kutulia 10, salamu 10, mchezo wenye somo 20, kutoka nje kufanya jambo la kweli 20, kula pamoja 10, na dakika 5 za mwisho kwa mzazi. Hizo tano ndizo zinazoliwa mara zote, mwalimu anakimbilia kikao kingine. Zidai.

Daftari la mwanao liwe na lengo linalohesabika. "Aboreshe mahusiano" si lengo. "Ataomba zamu mwenyewe, kwa neno au kwa kadi, mara 3 kati ya 5 bila kukumbushwa" ni lengo. Na tunzo zisiwe peremende kila akijibu. Peremende zikiisha salamu nazo huisha.

Swali la usajili usilionee haya. Wataalamu wa tiba-kazi, wanaomsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku, Kenya wana sheria yao ya mwaka 2017 inayotaka wasajiliwe na kupewa leseni, basi omba kuiona ya mwaka huu. Mwalimu wa elimu maalum huenda amepitia KISE, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1986. Mtu wa kujitolea si tatizo, mradi yupo mwenye ujuzi chumbani humohumo, si yule ambaye "huja mwisho wa mwezi".

Kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko wengine. Uliza wafanye nini mtoto akianguka. Jibu sahihi: alazwe kwa ubavu, asitiwe kitu mdomoni, wakati uhesabiwe, na ikipita dakika tano apelekwe hospitali. Anayejibu "kijiko" hajafundishwa.

Geti lifungwe kwa komeo la juu. Watoto wengi wenye usonji huponyoka ghafla na huvutwa na maji, na Malindi bahari haiko mbali na nyumba yoyote. Matembezi ya pwani yawe ya mtu mzima mmoja kwa kila mtoto, si wawili kwa sita.

Na picha. Mji una wageni wengi na wafadhili wao, na kuna vikundi vinavyoweka nyuso za watoto mtandaoni ili vichangiwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Idhini hiyo isifichwe ndani ya fomu ya kujiunga, iwe karatasi yake yenyewe, na ukisema hapana mtoto asiondolewe.

Fedha: piga hesabu ya muhula mzima kabla ya kusema ni rahisi. Tuseme kikao ni shilingi 1,000 na vikao ni 12, hiyo ni 12,000. Tuktuk kwenda na kurudi kwa 300 ni 3,600 zaidi, na mzazi aliyeacha biashara yake nusu siku naye ana hasara yake. Lipa kwa vikao vinne vinne. Kikundi kinachodai muhula wote mbele bila kurudisha chochote kinajua watu huondoka katikati.

Si kila mtoto yuko tayari. Asiyeweza bado kukaa karibu na mwenzake hata dakika tano, au asiye na njia yoyote ya kusema "nataka" na "sitaki", aanze na mtu mmoja mmoja. Kwa wa miaka 2 hadi 9, Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi yenye mikutano 9 na ziara 3 za nyumbani, na ukisikia yanaendeshwa karibu nawe yatangulize mbele ya kikundi chochote. Tathmini ya shule hupatikana kwenye vituo vya tathmini vya serikali, vinavyojulikana kwa kifupi cha EARC, ambavyo vipo nchini tangu 1984. Barua yao itakufaa unapozungumza na shule, lakini kikundi kisikuzuie kuanza kwa sababu hujaipata.

Siku nayo ina hesabu yake. Jumamosi asubuhi watoto wengi wako chuoni, yaani madrasa, hivyo kikundi cha saa tatu kitakosa hasa wale wa jirani unaowahitaji. Saa kumi alasiri inafaa zaidi, joto la kaskazi likiwa limeanza kuvunjika. Mwezi wa Ramadhani usianze kikundi kipya: usingizi umebadilika, milo imebadilika, na hutajua mtoto amekataa kikundi au amekataa njaa ya mwalimu wake. Anza wiki mbili baada ya Idi, shule zikiwa zimefunguliwa.